Mabati Yaliyohesabiwa Mchanga

Siku Baraza la mji lilipokataa kujenga ukuta wa mawe mbele ya makaburi, nilikuwa nimeinama nachomelea geti la duka la dawa. Aliyeniletea habari ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Alisimama mlangoni mwa karakana, akajikinga macho kwa kiganja, akangoja nizime mashine.

“Wamekataa,” akasema.

“Kwa nini?”

“Eti ufukwe wetu unanenepa. Kuna mtaalamu kasoma picha za setilaiti, za miaka na miaka, kaona mchanga unaongezeka pale pale mbele ya makaburi. Sasa ukuta wa nini?”

“Unanenepa?”

“Ndivyo afisa alivyosema. Nadhani alikuwa anajiangalia yeye mwenyewe.”

Sikucheka. Nilivua miwani ya kazi nikaketi juu ya debe lililopinduliwa. Watu wa ofisini wana namna yao ya kukukataa. Hawakwambii hatutaki. Wanakwambia kamati imekataa, sheria imekataa, na siku hizi hata picha nayo inakataa. Ukitafuta mtu wa kumshika shati, humpati. Tangu nipate akili zangu nimekuwa nikikataliwa na vitu visivyo na shati.

Nieleze ukuta huo nilikuwa nautakia nini. Mke wangu amezikwa safu ya mbele kabisa, upande wa bahari. Hatukuchagua sisi. Baraza ndilo linalogawa sehemu za kuzika; walituonyesha pale, tukazika pale. Wakati ule kati ya safu hiyo na maji kulikuwa na uwanja wa nyasi, halafu mchanga mpana ambao vijana walichezea mpira, timu mbili kamili na watazamaji juu. Nyasi zimekwenda. Mchanga nao umebaki ukanda tu, maji yakijaa yanaufunika wote.

Na mke wangu hakutaka kuhamishwa. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote yanalifuata hilo. Maisha yetu tulihamishwa. Nyumba ya kwanza ilipigwa X nyekundu kwa ajili ya barabara, na barabara yenyewe ikaja kupita kwingine. Ya pili walisema iko kwenye njia ya mfereji. Ya tatu sijui hata walisema nini, nilikuwa nimeshachoka kuwasikiliza. Kila mara yeye ndiye aliyefungasha, vyombo ndani ya mashuka, mtoto mgongoni, akiimba kwa hasira. Alipolazwa hospitali na sauti imebaki kidogo tu, aliniambia, “Wakishanizika, mwenzangu, usikubali wanihamishe tena. Nimechoka kufungasha.”

Nikamwambia, “Hakuna atakayekugusa.”

Akatabasamu, kama mtu anayejua vizuri kwamba mumewe si waziri.

Basi ahadi niliitoa. Msimu wa mawimbi ulipoanza kurusha povu hadi juu ya makaburi na kula udongo, sikungoja mtu. Nilikata vyuma vya pembe nikapata miguu mifupi, nikaweka bati jipya juu yake, nikalipaka rangi ya fedha lisishike kutu. Likawa kama paa dogo, linamkinga na chumvi. Waliofiwa wenzangu wakaliona. “Fundi, na mama yangu je?” “Fundi, baba yangu yuko karibu na mkeo, usimwache analowa.” Nikatengeneza. Safu ya mbele ikaenea, ya pili ikaenea, nikaingia ya tatu. Jua likipiga pale ulikuwa unafumba macho. Lakini paa si ukuta. Paa linazuia matone, halizuii bahari. Ndiyo maana tuliomba ukuta, na ndiyo maana nilipoambiwa ufukwe umenenepa nilitaka kumjua huyo aliyesoma picha.

Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, bila mimi kumtafuta.

Ilikuwa asubuhi. Mwanangu wa kike, ambaye cherehani yake iko upande mmoja wa karakana yangu, alikuwa anashona sare za shule. Akaingia binti mmoja mwembamba, mkoba mgongoni, viatu vya raba vimejaa vumbi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Geti au dirisha?”

“Nguzo.”

Akaomba chaki, akachuchumaa, akachora sakafuni. Nguzo za chuma za kimo cha mtu, zenye alama za kupimia kutoka chini hadi juu, ncha zake kali ili zikite ufukweni.

“Nguzo hizi zinafungwa nini, mbuzi?”

Akacheka. “Za kupimia mchanga, baba. Nikizikita nitaona mchanga unapanda au unashuka. Kazi yangu ni kutengeneza hesabu ndani ya kompyuta, inayoeleza mchanga wa pwani unatoka wapi, unakwenda wapi, na utafika lini. Hesabu hiyo naifundisha kwa picha za setilaiti. Ila picha peke yake…”

Cherehani ya mwanangu ikanyamaza.

“Picha za nini?” nikauliza.

“Za setilaiti.”

“Za pwani hii?”

“Ndiyo, hii.”

“Kumbe ni wewe unayetunenepesha!”

Mwanangu akasema, “Baba, taratibu.”

“Taratibu gani, mama? Mtu kakaa kwenye kiti kinachozunguka, kasema mama yako yuko salama, na wale wanene wakamwamini kwa sababu ndivyo walivyotaka kusikia!” Nikamgeukia binti. “Umewahi kukanyaga pale makaburini?”

Akainuka, chaki bado mkononi. “Bado. Ripoti waliitaka haraka. Leo ndiyo nimekuja.”

“Ripoti umeandika kwanza, kuja umekuja baadaye.”

“Ndiyo.”

“Kwani ukienda kushona nguo unapima mtu kabla au baada?” Hilo alilisema mwanangu, na mimi nilishangaa, maana yeye ndiye mpole wa nyumba. Binti yule alisema tu, “Nipelekeni.”

Tukaenda wote watatu. Si mbali, unapita nyuma ya shule, unashuka kichochoro cha mafundi baiskeli, unatokea. Njia nzima sikumsemesha. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mbele ya kaburi, maneno niliyoyaweka akiba miaka mingi kwa ajili ya mtu yeyote wa aina yake.

Nilidhani akifika ataangalia bahari. Hakuiangalia. Alisimama getini akayatazama mabati. Jua lilikuwa limepanda na yalikuwa yanawaka. Aliyatazama kwa muda mrefu hadi mwanangu akaniangalia. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, akafungua kompyuta juu ya mapaja.

“Haya mabati yaliwekwa lini, baba?”

“Ya kwanza, msimu uliofuata baada ya kumzika. Mengine yakafuata. Kwa nini?”

Akanigeuzia kompyuta. Nilitegemea kuona kaburi la mke wangu, kama mtu anavyopigwa picha kutoka ghorofani. Haikuwa hivyo. Ilikuwa miraba ya rangi, mmoja baada ya mwingine, kama kitambaa cha viraka.

“Setilaiti haioni kaburi,” akasema. “Inaona miraba. Mraba mmoja ni mkubwa kama kiwanja kidogo cha nyumba, na ndani yake inapima mwanga unaorudi juu. Maji yanameza mwanga. Nyasi zinarudisha kwa namna yake. Mchanga mkavu unarudisha mwingi sana.”

“Na bati?”

Aliweka kidole juu ya viraka vyeupe. “Hapa palikuwa kijani. Nyasi. Mwaka baada ya mwaka nikaona panageuka peupe, safu kwa safu. Niliifundisha kompyuta kwamba peupe ni mchanga mkavu. Kwa hiyo ikahesabu kuwa ufukwe unapanuka, kwamba kuna mchanga wa akiba, na mawimbi yakija yatakula akiba kwanza. Itachukua miaka mingi kabla ya kufika kwenye makaburi.” Akavifunika viraka vile kwa kiganja. “Akiba hiyo haipo. Akiba ni haya mabati.”

Nilimwelewa. Darasa niliacha la nne, lakini hilo nililielewa lote.

“Kwa hiyo mke wangu,” nikasema, “umemhesabu mchanga.”

“Ndiyo, baba.”

Sikuwa nimejiandaa kwa neno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa “tutalifanyia kazi”, kwa “suala hili ni pana”, kwa “wewe hutaelewa”. Yale maneno yangu ya akiba yakakosa pa kutokea. Mwanangu alikuwa ameinama kwenye kaburi la mama yake, anapangusa chumvi juu ya bati kwa upindo wa kanga, kama anafuta meza.

Najua mnachotaka kusema. Mikono iliyopigilia mabati yale ni yangu. Nilimkinga na matone, nikamkosesha ukuta. Lakini sitajibebesha mzigo usio wangu. Mtu hapaswi kuomba ruhusa ya setilaiti ndipo afunike kaburi la mkewe. Wao ndio walipaswa kuja kutazama, na ofisi yao iko umbali wa kusikia mawimbi.

Siku zilizofuata binti yule alizunguka makaburini na mwanangu, kaburi kwa kaburi, wakiweka alama wapi pana paa na liliwekwa msimu gani. Niliwasikia wakicheka wakirudi, nikakasirika kidogo, halafu nikaacha. Usiku wake alikuwa anaifuta miraba ile kwenye hesabu na kuifundisha kompyuta upya. Mtaani walishampa jina, Binti Setilaiti, na watoto walimpungia mkono huku wakielekeza vidole juu, kana kwamba ndiko anakolala.

Alipomaliza alikuja karakana. Shemeji yangu alikuwepo, alikuja kuazima grinda ambayo hairudishagi. Binti akaweka kompyuta juu ya meza ya kazi, katikati ya vumbi la chuma.

“Nimerekebisha,” akasema, na sura yake tu ilinitosha.

“Sema.”

“Mchanga unaondoka. Umekuwa ukiondoka muda wote.”

“Gati!” nikasema. “Si nilisema? Walipojenga lile gati la kupakia mizigo, kila mtu aliona. Limeziba mchanga.”

“Limeziba, ni kweli. Umerundikana upande wa pili, unaonekana huu hapa. Lakini si gati peke yake. Mto nao, tangu wajenge bwawa kule juu, haushushi mchanga kama zamani. Na bahari yenyewe inapanda.”

“Kwa hiyo kosa la nani?”

“La wengi, baba. Na langu la kutokuja mapema.”

“La wengi! Nikitaka kwenda kugombana na wengi naenda mlango upi?”

Shemeji akasema, “Mwache amalize, shemeji. Utagombana baadaye, muda unao.”

Nikauliza kuhusu ukuta. Akatikisa kichwa. Mchanga umeshapungua mno, akasema. Wimbi likigonga ukuta litarudi na mchanga wa chini yake, ukuta utachimbika miguuni, na ukianguka utawaangukia marehemu wenyewe. Safu tatu za mbele zilipaswa kuhamishwa, na mapema, kwa sababu mwezi ujao kuna maji makubwa kuliko ya kawaida, na yakikutana na upepo wa kusini yatafika.

“Yatafika?” nikauliza.

“Kompyuta inasema uwezekano ni mkubwa. Sina hakika, baba. Naweza kukosea tena.”

“Mbona unasema hivyo? Wenzako hawasemagi hivyo.”

“Kwa sababu nimeshakosea mara moja.”

Tulikwenda kwa afisa wa mipango, mimi, shemeji na yeye. Ofisi ina viti viwili vya wageni na kimoja kimevunjika mguu, basi tulisimama. Feni ilikuwa inazunguka upande wake tu. Binti alieleza yote, mabati, akiba, miraba. Akamaliza kwa kusema, “Ripoti ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa ni langu.”

Afisa aliegemea kiti. Mimi nasema ukweli, kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa na hoja. Alisema, “Binti yangu, mwezi uliopita picha zilisema tumenenepa. Mwezi huu zinasema tumekonda. Mwezi ujao je? Kamati haiwezi kula matapishi yake kila ukiwasha kompyuta.”

“Mwezi ujao kuna maji makubwa,” binti akasema.

“Nimesikia. Kamati itakaa baada ya bajeti.”

“Bajeti ni baada ya maji makubwa,” nikasema mimi.

“Mzee wangu, bajeti ni bajeti.” Kisha akainama mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi. “Lakini hatumzuii mtu. Anayetaka kumhamisha wake, ruhusa ipo. Eneo jipya liko juu, nyuma ya tangi la maji. Ni hiari. Baraza halimlazimishi mtu kuhama.”

Halimlazimishi mtu kuhama! Nilitamani mke wangu angekuwepo asikie. Nyumba tatu walitutoa kwa lazima, na hii siku moja ambayo ningeshukuru waseme lazima, nirudi makaburini nimwambie, mwenzangu, ni wao tena, mimi sina nguvu, hiyo siku ndiyo wamegundua hiari. Shemeji alinivuta mkono tukatoka. Barazani akasema, “Umeona walivyotupakatisha? Wametuwekea mtoto mapajani wakaondoka.”

Jioni ile tulikaa sebuleni kwangu, mimi, yeye na mwanangu. Taa ya sebule ina tabia ya kutetemeka, na hakuna aliyeinuka kuigonga kama kawaida.

“Dada yangu alisema asihamishwe,” shemeji akaanza. “Alikwambia wewe, lakini mimi nilikuwa mlangoni nimebeba chupa ya uji. Nilisikia.”

“Najua ulisikia.”

“Basi?”

“Mama alisema watu wasimhamishe,” mwanangu akasema. “Hakusema bahari imchukue.”

“Mjomba wako sijasema bahari imchukue. Nasema tunamfukua kwa neno la nani? La yule yule aliyemwita mchanga! Akikosea tena je? Tumrudishe? Tumwambie samahani sana dada, lala tena pale, kompyuta ilipitiwa na usingizi?”

“Mjomba, unacheka na kaburi.”

“Silicheki. Ndiyo nalia hivyo.” Na kweli sauti ilimkatika. Alinigeukia. “Shemeji, wewe tangu nikujue hujawahi kuamini karatasi ya mtu wa ofisi. Hata cheti chako cha ndoa ulikipeleka kwa jirani asome mara ya pili. Leo unaamini picha?”

Nilimwambia nitakwenda kutazama.

Nilikwenda kesho yake, peke yangu. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ndani ya beseni. Maji yalikuwa mbali, mchanga mkavu, kunguru wanatembea. Hakukuwa na kitu chochote mbele ya macho yangu kilichosema mhamishe. Nilikaa kando ya paa la mke wangu, nikasikia joto lake, nikafikiri kwamba angekuwa na kivuli kizuri humo. Kama ningeamini macho yangu, ningerudi nyumbani nikalale. Na macho yangu hayajawahi kunidanganya kama walivyonidanganya watu wenye picha na ramani.

Lakini nilikuwa nafikiri kuhusu wale waliotuhamisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kusema barabara imepita kwingine, tulikosea. Hakuna. Huyu alikuja, akaketi kwenye vumbi, akasema ndiyo. Mtu akikwambia mahali alipokosea bila wewe kumkaba, unapata pa kushika. Sikuwa na kingine cha kushika.

Nikamwambia mke wangu kwa sauti, maana hapakuwa na mtu: “Safari hii si wao. Ni mimi.” Nikangoja, kama mjinga. Kisha nikainuka nikaenda kwa shemeji.

Alikuwa anakunywa chai. Alinitazama usoni, akaweka kikombe chini.

“Umeamua.”

“Nimeamua. Wewe ni kaka yake. Ukikataa, sitainua jembe.”

Akazungusha kikombe mezani, akakizungusha tena. “Kubali sitakubali,” akasema mwishowe. “Lakini kuchimba nitachimba. Sitaki achimbuliwe na watu wengine huku mimi nipo.”

Tulichimba Jumamosi asubuhi. Nilifungua paa kwanza, nikaliegemeza kwenye uzio. Mlinzi wa makaburi alitusaidia kwa mapauro, na vijana wawili wa kichochoro cha baiskeli. Mwanangu alisimama upande wa kichwa na shuka jipya mikononi, alilishona mwenyewe. Binti Setilaiti alikuja lakini hakuingia. Alisimama nje ya uzio mpaka mwanangu alipokwenda kumshika mkono akamleta. Wakasimama pamoja.

Nilikuwa natumaini, Mungu anisamehe, kwamba tutakuta maji. Kwamba chini kule mchanga utakuwa umelowa, hata kidogo, ili shemeji aone, na mimi nione. Tulifika kwenye jeneza na mchanga ulikuwa mkavu. Mkavu kabisa, unamwagika katikati ya vidole kama unga. Shemeji aliuchota, akaniangalia, akautupa. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Jeneza lilikuwa bado zima, isipokuwa pembe moja. Tuliliinua kwa kamba, mwanangu akalifunika shuka, na tukambeba. Njia ya kwenda nyuma ya tangi la maji inapanda, na mimi si kijana. Wenye maduka walitoka wakasimama. Mwenye duka la dawa alifunga geti lake tulipopita, lile geti nililolichomelea, akalifungua tulipokwisha kupita. Nilikuwa mbele, bega la kulia. Nilimkumbuka akipanda na vyombo vyake ndani ya mashuka, nikatamani aimbe kwa hasira, anitukane hata. Alikuwa mwepesi mno.

Kule juu udongo ni mwekundu na mgumu. Upepo unapiga. Bahari inaonekana yote, na gati, na mchanga uliorundikana upande wa pili wa gati kama mtu aliyekula peke yake. Tulimzika. Mwanangu alisawazisha udongo kwa viganja, polepole, ukingo hadi ukingo. Shemeji aliketi kando, amejishika magoti.

Nilipogeuka niliona watu. Sikuwasikia wakija. Walikuwa wamesimama kando ya tangi, ni wale wenye watu wao katika safu tatu za mbele. Yule mama muuza mkaa, ambaye baba yake amelala jirani na pale mke wangu alipokuwa. Kinyozi. Mwalimu mstaafu na mkewe. Na wengine nyuma yao. Walikuwa wametufuata tangu chini.

Muuza mkaa ndiye aliyesogea. “Pole, fundi.”

“Nimeshapoa, dada.”

“Tunataka kukuuliza.” Akamtazama Binti Setilaiti, kisha akanirudia mimi. “Huyu tumeshamsikia. Anasema labda, anasema uwezekano. Afisa naye anasema hiari. Sisi hatuelewi labda wala hiari. Wewe tunakujua. Paa la baba yangu umeliweka wewe. Tuwahamishe?”

“Mimi nimemhamisha wangu,” nikasema.

“Hilo tumeona,” kinyozi akasema. “Tunauliza wetu.”

Nilimwangalia shemeji. Alikuwa ameinua uso anangoja na yeye. Nilimwangalia binti. Midomo ilikuwa imemkauka, na nikaona angekuwa tayari kusema lolote ili wa kujibu nisiwe mimi. Nikajua hapo kwamba kuna kitu sikuwahi kukifahamu kuhusu wale wa ofisini, kwa nini wanapenda kusema kamati. Bado siwasamehe. Lakini nilikijua.

Maji makubwa yalikuwa wiki iliyofuata. Chini kule bahari ilikuwa imelala, na mchanga mkavu ulikuwa bado kwenye kucha zangu.

“Wahamisheni,” nikasema.

“Wote?”

“Safu tatu zote. Anzeni leo. Mimi na shemeji tutachimba na nyinyi.”

Mwalimu mstaafu akasogeza miwani. “Na maji yasipofika, fundi?”

“Yasipofika, msiende kwa huyu binti. Msiende ofisini.” Nilichukua koleo langu nililokuwa nimeegemeza kwenye tangi. “Mje kwangu. Karakana mnaijua.”

Muuza mkaa aliniangalia kwa muda, kama anapima kama neno langu lina uzito wa kubebea jeneza. Kisha akafunga kanga kiunoni, akageuka kushuka, na wale wengine wakageuka nyuma yake.